Kidani cha herufi kwa mkono: kutoka karatasi ya saiba hadi shingoni

Maswali yanayonijia kuhusu vidani vya herufi ni yale yale. Nikate na nini? Mbona bledi zinakatika kila dakika? Mbona herufi yangu inalala upande nikiivaa? Mbona shingo imegeuka kijani? Nimechoka kutuma majibu kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Ukifuata hatua hizi utapata kidani kimoja cha herufi moja, urefu wa sentimita tatu, kilichokatwa kutoka bati la brasi, yaani shaba ya njano. Hakuna mashine inayohitaji umeme, na meza ya jikoni inatosha mradi iwe karibu na dirisha.

Msimamo wangu niuseme mapema: vidani vingi vinavyoletwa kwangu nivirekebishe viliharibikia kwenye karatasi. Msumeno ulifanya ulichoambiwa. Ndiyo maana sitakuruhusu ushike msumeno mpaka tumemalizana na karatasi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Bati la brasi la unene wa milimita 1. Kipande cha sentimita 5 kwa 5 kinatosha herufi moja. La nusu milimita hupinda likivaliwa, na la milimita moja na nusu litakutoa jasho bila faida. Usidhani umeokoa pesa kwa kuokota mifereji mibovu na vali za zamani kwa wauza vyuma chakavu: brasi ya aina hiyo mara nyingi imechanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake utalivuta wewe.

Msumeno wa sonara. Ni fremu nyembamba ya umbo la U yenye mshikio wa mbao, na bledi yake ni nyembamba kama uzi. Msumeno wa kukatia plaiwudi haufai hata ukibembelezwa, meno yake ni makubwa mno. Kisumu na Nakuru waulize masonara wa mjini; wao huagiza vifaa vyao, na ukiomba kwa adabu watakuongezea wako kwenye oda.

Bledi namba 2/0 au 3/0. Namba iliyo mbele ya mkwaju ikipanda, bledi inazidi kuwa nyembamba. Kanuni ya mafundi ni kwamba meno mawili au matatu yawe ndani ya unene wa bati wakati wowote, na kwa bati la milimita 1 namba hizo mbili ndizo zinazokubali. Nunua dazeni. Utazivunja, hilo halina mjadala.

Kibao cha kukatia. Seremala yeyote wa soko la Kibuye, Kisumu, atakukatia kipande cha mbao ngumu, kama sentimita 10 kwa 20, chenye mpasuko wa umbo la V upande mmoja. Kifunge mezani kwa klampu, V ikitokeza nje ya meza.

Seti ya tupa ndogo, zile nyembamba za kazi laini: bapa, ya nusu duara, ya pembe tatu na ya duara. Drili ya mkono yenye biti za milimita 1 na 1.5. Msumari mgumu wenye ncha na nyundo ndogo. Msasa wa maji namba 240, 400, 800 na 1200. Koleo ndogo mbili zenye midomo isiyo na meno. Vipete (pete ndogo za waya za kuunganisha herufi na mkufu), mkufu, mshumaa, selotepu, gundi ya karatasi, Brasso ya kung'arishia, kipande cha kioo bapa.

Miwani ya fundi. Bledi ikikatika, kipande chake huruka, na hakichagui pa kwenda.

Chagua herufi itakayoishi kwenye chuma

Ukifanyia kazi hii Kisumu, jiandae kuombwa O na A. Otieno, Odhiambo, Okoth, Onyango. Achieng, Atieno, Akinyi, Adhiambo. Ukivuka kwenda Kakamega na Bungoma, W na N zinaongezeka: Wafula, Wanjala, Nafula, Nekesa. Nandi na Kericho utakutana na K na C za akina Kiprono na Chepkoech. Nakuru ni mchanganyiko wa yote hayo, pamoja na akina Wanjiku na Kamau.

Nataja majina kwa sababu kila kundi lina shida yake. O na A zina tundu katikati, na tundu la ndani haliingiliki kwa msumeno mpaka utoboe kwanza. Kwa hiyo anayeanza Kisumu anaanzia kazi ngumu bila kujua. W na N hazina tundu, lakini zina pembe kali pale mistari inapokutana, na bledi lazima igeuke mahali pembamba. Kama una uhuru wa kuchagua, fanyia mazoezi L, T au I, kisha K, kisha O, na A iwe ya mwisho.

Baada ya herufi, chagua fonti. Kila anayeanza hunijia na Times New Roman, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kwenye barua za ofisi. Fonti hiyo iliundwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na ilianza kutumika huko 1932. Ni ya wino juu ya karatasi. Mistari yake mingine ni minene na mingine ni myembamba mno, na ukiikata kwa urefu wa sentimita tatu, ile myembamba itakuwa na upana wa milimita moja hivi au chini. Itapinda ukiitia tupa. Tafuta fonti yenye unene unaokaribiana kila mahali. Futura, aliyoichora Paul Renner wa Ujerumani na iliyotolewa 1927, ni mfano mzuri wa maumbo safi: O yake inakaribia duara kamili. Zipo nyingi za mtindo huo zinazopatikana bure mtandaoni kwa leseni huria. Chukua toleo nene. Kipimo changu ni kwamba hakuna sehemu ya herufi inayoruhusiwa kuwa chini ya milimita 2.

Nembo za timu za mpira na za kampuni ziache. Wateja wataziomba, lakini zina wenyewe.

Ukiamua kuchora kwa mkono wako mwenyewe, jambo ambalo nalipenda zaidi, kumbuka jicho halipimi kama rula. O yenye urefu sawasawa na H huonekana fupi kuliko H, kwa hiyo wachora fonti huiacha itokeze kidogo juu na chini ya mstari. Mstari wa kulala huonekana mnene kuliko wa kusimama hata kama vipimo ni sawa, basi upunguze kidogo. Kidaraja cha A kikiwekwa katikati kabisa huonekana kimepanda juu, kishushe. Tumbo la juu la S na B liwe dogo kuliko la chini. Ukitaka kuthibitisha, chapisha S ya fonti yoyote nzuri kisha igeuze juu chini: itaonekana imelemewa kichwa.

Hatua za kazi

1. Chapisha herufi kwa kipimo. Programu za kuandikia hupima fonti kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Ila kipimo hicho kinahesabu na nafasi ya juu na chini, hivyo herufi kubwa yenyewe huchukua kama asilimia 70 tu. Hesabu ya haraka: zidisha milimita unazotaka kwa 4. Ukitaka herufi ya milimita 30, andika 120. Ukifika saiba, yaani duka la kompyuta na uchapishaji, mwambie kijana achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ijaze ukurasa. Pima kwa rula kabla hujalipa. Chukua nakala tano au sita kwenye karatasi moja.

2. Kata nakala moja kwa makasi kutoka boksi la biskuti, kisha uininginize. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayozaa swali la kulala upande. Toboa sehemu ya juu kwa pini, shika pini iwe ya kulala, acha herufi icheze mpaka itulie. O, T, A na W hutulia wima ukizitoboa katikati. L, J, F, P na K hazitulii hivyo. Uzito wao uko upande mmoja. Sogeza pini kidogo kidogo kuelekea upande mzito mpaka herufi isimame wima. Kwa kuwa boksi, kama bati, lina unene mmoja kila mahali, mahali pa pini kwenye boksi ndipo mahali pa tundu kwenye brasi. Kwa L utagundua kwamba mahali panapofaa pako hewani, nje ya mguu wake. Hapo una njia mbili: uongeze kisikio kidogo kwenye mchoro, au ukubali L iliyoinama na umwambie mteja ni mtindo. Mimi huongeza kisikio.

3. Safisha bati na ubandike mchoro. Lisugue kwa msasa wa 400, lioshe kwa sabuni, likaushe, na usiliguse tena usoni kwa vidole. Paka gundi nyembamba, bandika karatasi, kisha funika yote kwa selotepu. Selotepu huzuia karatasi isichanike, na pia hulainisha njia ya bledi. Weka herufi karibu na ukingo wa bati upunguze safari ya msumeno.

4. Toboa matundu yote sasa, bati likiwa bado kubwa. Lile la kuning'inizia, biti ya 1.5, libakize angalau milimita 1.5 ya chuma mpaka ukingoni. Lile la kupitishia bledi, biti ya 1, liwe ndani ya sehemu itakayotupwa, karibu na mstari bila kuugusa. Kwanza weka alama kwa msumari na nyundo, la sivyo biti itateleza na kukuchora herufi.

Onyo: brasi huuma biti ghafla inapokaribia kutokeza upande wa pili, kisha bati zima linazunguka. Usilishike kwa vidole. Lifunge kwa klampu juu ya ubao wa kutupa, zungusha polepole, punguza nguvu mwishoni.

5. Funga bledi. Meno yaangalie nje, na ncha zake zielekee chini, upande wa mshikio. Pitisha kidole juu kuelekea chini: ikiteleza, iko sawa, ikikwaruza, umeipindua. Bana ncha ya juu, egemeza fremu mezani, isukume kwa kifua ijikunje kidogo, bana ncha ya chini, kisha achia. Ipige kwa ukucha. Ikilia sauti kali nyembamba, endelea. Ikitoa sauti ya kamba legevu, rudia.

6. Kata tundu la ndani kwanza. Fungua ncha ya juu ya bledi, ipitishe kwenye tundu la milimita 1 mchoro ukiwa juu, ifunge tena. Wengi hufanya kinyume: wanakata nje kwanza, kisha wanabaki na O ndogo wasiyoweza kuishika wakihangaika na katikati yake.

Keti chini kiasi, bati liwe karibu na usawa wa kifua chako. Msumeno usimame wima kabisa. Unakata ukishuka tu. Kupanda ni kurudi. Mkono wa msumeno ushike kama umeshika ndege mdogo, na hapo ndipo wanaume wenye nguvu hushindwa na wasichana wa shule. Paka bledi nta ya mshumaa kila baada ya sentimita chache. Kata upande wa taka, ukiacha mstari mweusi uonekane. Mstari ni wa tupa.

Ukifika kwenye pembe, usisukume. Endelea kupandisha na kushusha msumeno pale pale bila kwenda mbele, huku mkono wa pili ukigeuza bati taratibu mpaka bledi ijipatie nafasi. Kwa tundu la A, ambalo ni pembe tatu, nakushauri uingie kila kona kutoka pande mbili badala ya kugeuka ndani yake.

7. Sasa kata nje. Anzia ukingoni mwa bati. Sehemu za mwisho ndizo za hatari, kwa sababu herufi inabaki imeshikwa na kipande chembamba na inaanza kutetemeka. Ibane kwa vidole karibu na bledi, lakini kamwe si mbele yake. Unga wa brasi utajikusanya kwenye mstari; upulize kando, usiuelekeze usoni.

8. Tia tupa. Tupa hukata ikisukumwa mbele. Kuivuta nyuma kwa nguvu ni kuiua. Ndani ya O tumia ya nusu duara, ukiizungusha inapokwenda ili isiache mabonde. Kona za A tumia ya pembe tatu. Pingili ndogo zisizoonekana kwa jicho utazisikia kwa ukucha. Simama kila mara uangalie herufi kwa mbali, mkono umenyooshwa, maana hivyo ndivyo watu watakavyoiona. Ukiona mguu mmoja wa A ni mnene kuliko mwingine, usikimbilie kupunguza mnene. Kwanza hakikisha mwembamba una nafasi, usije ukajikuta unafukuza miguu yote miwili mpaka iishe.

9. Piga msasa. Laza msasa wa 240 juu ya kioo, tia maji, sugua uso wa herufi kwa mwelekeo mmoja. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, hamia 400 ukisugua kwa kukingama, kisha 800, kisha 1200. Ukiruka namba, mikwaruzo ya mwanzo itajitokeza baada ya kung'arisha, na utalazimika kurudi nyuma. Kingo za pembeni zungushia msasa kwenye kijiti cha aiskrimu. Vunja ukali wa kingo zote mbele na nyuma, kwa kuwa kitu hiki kitalala kwenye ngozi na kukwama kwenye sweta.

10. Ng'arisha kwa Brasso na kitambaa cha pamba. Ndani ya tundu, funga uzi mnene mahali, upake Brasso, kisha uvute herufi juu yake huku na huku. Usipeleke kidani kwenye mashine ya kung'arisha ya jua kali kama hujafundishwa: ile brashi hunasa tundu la herufi na kuirusha. Oshea sabuni, kausha vizuri, paka nta ya nyuki kidogo, futa.

11. Tia kipete na mkufu. Kipete hufunguliwa kwa kusokota: koleo moja ije kwako, nyingine iende mbele. Ukivuta ncha zake zitengane kushoto na kulia, mduara umeharibika na hautafungika tena vizuri. O haihitaji tundu lolote la kuning'inizia. Kipete kikubwa kipite katikati yake. A yenye ncha kali pia huning'inia kwa kipete kinachopita kwenye tundu lake la ndani, ilimradi kipete kiwe kipana kuvuka ile ncha. Tuliza roho, jaribu kwenye boksi kwanza.

Ukiuza, kadi ya kufungia isiwe ya plastiki wakati mjini kuna karatasi na kadi zinazotengenezwa kwa gugumaji la ziwani. Bei haina siri: bati, bledi ulizovunja, kipete, mkufu, halafu saa zako. Saa zako zihesabu.

Mteja akitaka jina zima

Mwambie aliandike mwenyewe kwa mkono wake, na ulikate kama alivyoliandika. Usikubali jina la kwenye simu, tena kwa sauti. Kuna Atieno, kuna Awuor na kuna wanaoandika Auor, na brasi haina kifutio.

Jina zima hukatwa kama kipande kimoja, kwa hiyo lazima herufi zigusane. Zikate zikiwa za mwandiko wa kuungana, au zote zisimame juu ya mstari mmoja wa chini. Achieng kwa mwandiko wa kuungana ina tundu la A, la e na la g, pamoja na nukta ya i ambayo haijashikana na kitu. Nukta hiyo iunganishe na kichwa cha h kilicho jirani, au igeuze iwe sehemu ya mkia wa A. Shida hiyo hiyo iko kwenye king'ong'o cha ng' katika jina kama Ng'eno au Ong'ong'a: ile alama ya juu ikiachwa itadondoka, na ikiondolewa umembadilishia mtu jina. Ishushe iguse bega la g. Wakikuyu wanaotaka Wambũi au Mũthoni na alama yake juu ya u, wape daraja jembamba la milimita 2 upande mmoja. Linaonekana, lakini linaheshimika.

Nafasi kati ya herufi usiipime kwa rula. Katika WAFULA, W na A zikipewa umbali sawa na U na L, katikati ya W na A kutaonekana kama pengo. Sogeza herufi mpaka eneo tupu kati ya kila jozi lionekane sawa kwa jicho, na ili jicho lisidanganywe na maana ya neno, geuza karatasi juu chini uangalie maumbo tu. Jina zima lining'inizwe sehemu mbili, mwanzo na mwisho, kwa mkufu uliokatwa vipande viwili.

Herufi za nyumbani: jiwe la Kisii

Michoro ile ile inafaa kwa bamba la mlangoni au la ukutani, na huku kwetu hakuna haja ya kuhangaika na brasi kubwa wakati jiwe la sabuni linachimbwa Tabaka, kaunti ya Kisii. Ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mbao na kuchongwa kwa kisu. Njia rahisi ni ile wachongaji wanayotumia kwenye sahani na vinyago: lainisha uso wa bamba kwa msasa na maji, lipake rangi nyeusi au nyekundu, liache likauke, bandika mchoro, kisha kwaruza herufi kwa ncha ya chuma mpaka weupe wa jiwe utokeze. Malizia kwa nta.

Hapa chagua fonti nene na herufi za sentimita 5 kwenda juu, kwa kuwa ncha nyembamba za jiwe humeguka. Mistari ya kusimama ikwaruze kwanza. Ile ya mviringo ifuate, ukizungusha bamba badala ya kuzungusha kifundo cha mkono. Piga msasa jiwe likiwa limelowa tu. Vumbi kavu la jiwe hili si la kuchezea, na haliwezi kuwa kazi ya sebuleni penye watoto.

Mambo yakikwama

Bledi zinakatika mfululizo. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: imelegea, unasukuma mbele badala ya kushusha, umeinamisha msumeno kwenye kona. Zikikatika karibu na ncha ya juu kila mara, skrubu inabana vibaya, si wewe.

Bledi imekwama ndani ya bati. Usivute. Inua bati lenyewe pamoja na msumeno, liache litafute pembe ambayo bledi iliingilia, kisha pandisha polepole. Ikikataa, fungua ncha ya juu na uitoe kwa chini.

Msumeno unaacha mstari kila mara upande ule ule. Bledi imefungwa ikiwa imesokotwa, au meno ya upande mmoja yamekwisha. Badilisha, bledi si urithi.

Karatasi imebanduka katikati ya kazi. Bati lilikuwa na mafuta. Kama bado sehemu kubwa haijakatwa, bandika nakala nyingine ukilinganisha na matundu. Siku nyingine chora mzunguko kwa msumari juu ya mchoro kabla ya kukata, alama ibaki hata karatasi ikienda.

Umekata ndani ya mstari. Kama ni chini ya nusu milimita, punguza herufi nzima kwa tupa ifuate pale. Kama ni zaidi, bati hilo ligeuze liwe herufi nyingine: O iliyoharibika upande wa kulia hutoa C nzuri, na E iliyopoteza mkono wa chini ni F.

Tundu la kuning'inizia limepasuka ukingoni. Lilikuwa karibu mno. Litie tupa liwe pengo, kisha funga herufi kwa waya wa brasi uliosokotwa mara tatu hapo hapo. Wengi watadhani ulipanga iwe hivyo.

Imepoteza mng'aro baada ya wiki chache. Ndivyo brasi ilivyo. Limau na chumvi kidogo, suuza mara moja, kausha. Rangi ya kucha isiyo na rangi huzuia kwa muda, lakini ikianza kubanduka hubaki mabaka, na kuiondoa kwenye kona za A ni adhabu. Mimi nabaki na nta.

Shingo imekuwa kijani. Shaba iliyo ndani ya brasi imekutana na jasho. Huoshwa kwa sabuni na haina madhara. Mwambie mteja avue kabla ya kuoga na kabla ya kujipaka mafuta. Lakini kama ngozi inawasha na kutoa vipele, chunguza vipete na mkufu kabla ya kuilaumu herufi: vile vya bei ya chini vinavyong'aa kama fedha mara nyingi vina nikeli, na wapo watu ambao ngozi yao haiivumilii kabisa. Mbadilishie aweke kamba ya pamba au ya ngozi, umpe siku kadhaa, kisha umuulize tena.